Vitamini zilezile, majibu mawili

Siku ya gulio Ngara au Biharamulo hutakosa kumsikia muuzaji wa virutubisho akinadi kopo lake: vinaamsha seli, vinarudisha nguvu, vinapandisha kinga. Na si kila anachosema ni uongo. Seli hugeuza chakula kuwa nishati ndani ya mitokondria, na kazi hiyo haiendi bila vitamini B kama thiamini, riboflavini na niasini. Ila je, ukimeza nyingi kuliko mwili unavyohitaji, unapata nguvu zaidi?

Swali hilo limeshapimwa hapahapa Tanzania, tena kwa ugonjwa ambao historia yake nchini inaanzia Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliripotiwa mkoani humu mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichovuma enzi hizo. Mgonjwa alikonda, akaishiwa nguvu, na ARV hazikuwepo. Kwa hali hiyo, kujaribu vitamini lilikuwa wazo la maana.

Mwaka 1995 watafiti wa Muhimbili na Harvard walianza utafiti Dar es Salaam kwa wajawazito 1,078 wenye VVU. Nani apate nini iliamuliwa kwa bahati nasibu, na wengine walipewa vidonge visivyo na vitamini yoyote ili kuwe na cha kulinganisha. Matokeo ya mwaka 2004 yalionesha kwamba kati ya 271 waliopata vitamini B, C na E, 67 walifikia hatua ya mwisho ya ugonjwa au walifariki. Kati ya 267 waliopata vidonge vitupu, walikuwa 83. Vitamini zilisaidia. Lakini vitamini A, iliyopimwa humohumo, iliongeza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Wengi wangeishia hapo. Watafiti hawakuishia, maana mwaka huohuo wa 2004 serikali ilianza kutoa ARV bure, na hali ya mgonjwa ikabadilika. Kuanzia 2006 wakafuatilia wagonjwa zaidi ya 3,400 wanaoanza ARV: nusu walipewa dozi kubwa ya vitamini, nusu dozi ya kawaida ya mahitaji ya siku. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda. Dozi kubwa haikupunguza vifo wala kuzuia ugonjwa kusonga mbele, na waliopewa dozi hiyo walionesha zaidi dalili za ini kuumia kwenye vipimo vya damu. Matokeo yalichapishwa 2012.

Vitamini zilezile, jiji lilelile, majibu tofauti. Ushahidi una mwenyewe: ni wa mtu fulani, katika hali fulani, kwa dozi fulani. Mwenye upungufu wa niasini akipewa niasini anapona kweli. Asiye na upungufu hafanyi seli zake zikimbie kwa kuongeza vidonge, kama vile jiko lenye kuni za kutosha halipikii haraka kwa kurundikiwa kuni nyingine.

Kwa hiyo ukiambiwa "imethibitishwa kisayansi", uliza: kwa nani, walilinganishwa na nani, na walipimwa nini hasa? Kama ni uchovu usioisha, zahanati watapima malaria, wingi wa damu na sukari. Na kama mtu yuko kwenye ARV, hakuna kopo lililowahi kuthibitika kuzichukulia nafasi. Akiziacha, virusi havisubiri.