Mwiko wa Jikoni na Mwiko wa Mwashi: Historia ya Istilahi za Ukarabati wa Nyumba Pwani ya Tanga

Mijadala yetu ya istilahi imeelekea mno kwenye maneno ya sheria, siasa na sayansi, na tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967 fani hizo ndizo zilizotushughulisha zaidi. Lugha ya mtu anayeziba paa linalovuja, au anayetia kiraka ukuta uliobabuka, haikupata kusikilizwa sana. Makala haya yanakusudia kuitazama lugha hiyo kama ilivyokua katika mwambao wa kaskazini wa Tanzania, kuanzia Tanga na Tongoni hadi Pangani, kwa kuwa huko kila zama za ujenzi zimeacha maneno yake.

Tuanze na nyumba ya udongo na makuti. Nguzo zikishasimikwa hufungwa fito, kisha ukuta hukandikwa kwa udongo uliokandwa kwa miguu. Hapa jiko limeshaingia: kukanda udongo na kukanda unga ni kazi moja katika lugha, nayo mazoea ya mkono ndiyo yamwambiayo fundi, kama yamwambiavyo mpishi, kwamba maji yametosha. Katika makuti ubaguzi wa maneno ni mkali zaidi. Kuti la kumba, ambalo ni kuti zima lililosukwa, hufaa kwa ua. Makuti ya viungo, yaani majani yaliyokunjwa na kushonwa juu ya ufito, ndiyo ya kuezekea. Anayeomba “makuti” tu bila kutaja aina huenda akaletewa mzigo usiomfaa. Paa likianza kuvuja, si lazima liezuliwe lote: makuti mapya huchomekwa chini ya yale yaliyooza. Zamani yalifungwa kwa kamba ya makumbi, ambayo makumbi yake hulowekwa muda mrefu na kupondwa hata nyuzi ziachane. Mkonge ulipoletwa mwaka 1893 na kuenea katika mashamba ya Tanga, kamba yake nayo ilipata nafasi kando ya ile ya makumbi.

Nyumba ya mawe nayo ina historia ndefu, kama yanavyoshuhudia magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, yenye msikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya kuni na kuchomwa, kisha majivu yake meupe huzimwa kwa maji yawe chokaa. Mwashi huipaka kwa mwiko, na chokaa hubebwa katika chano. Vyote viwili ni vyombo ambavyo mpishi angevitambua mara moja kwa majina yao. Sioni aibu katika umaskini huu wa maneno, ikiwa ni umaskini; mkono ulioshika mwiko mmoja uliujua na wa pili.

Neno “sakafu” lina kisa chake. Kwa Kiarabu asili yake ni neno la paa. Katika nyumba ya ghorofa, boriti za mikoko hupangwa juu ya kuta, zikafunikwa kwa mawe na chokaa iliyopigwapigwa hata ikashikamana. Paa la chumba cha chini likawa ndipo pa kukanyagia aliye juu. Mswahili akachukua jina kutoka upande wa miguu.

Lakini neno lililotugharimu ni “saruji”. Asili yake ni Kiajemi, na huko Oman jina hilo hadi leo ni la udongo uliochomwa na kuchanganywa na chokaa, uliotumika katika mifereji na matangi ya maji. Simenti ya viwandani ilipoenea, nasi tukawa tunaitengeneza wenyewe, Wazo Hill tangu mwaka 1966 na Pongwe karibu na Tanga katika miaka ya 1980, usanifu uliipa jina hilo la kale. Neno lilikuwa zuri na tayari limo katika lugha. Walakini mwenye nyumba ya matumbawe aliyeambiwa “utie saruji” alinunua mfuko wa simenti. Simenti ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu. Chumvi inayopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, hukusanyika nyuma ya lipu, na baada ya misimu kadhaa lipu hubanduka pamoja na vipande vya jiwe. Tiba yake ni kuibandua yote, kuusafisha ukuta, kisha kupaka chokaa kwa tabaka nyembamba zinazolowanishwa zisikauke haraka.

Kwa kazi hiyo fundi wa zamani alikuwa na kitenzi “kutomea”, yaani kujaza nafasi kati ya mawe makubwa kwa vijiwe na chokaa kabla ya kupaka. Kijana wa leo husema “kuziba”, na kweli huziba: hujaza simenti tupu.

Maneno ya bati, debe na uwanja hayana shida hiyo. Debe la mafuta ya taa lilipondwa likawa bati la maskini, na lililobaki zima likapimia mahindi. Kwanja kimeingia kwa njia ya shule, na kila mwanafunzi aliyefyeka nyasi anakijua. Ukoka ulikuwapo tangu zamani kama chakula cha mbuzi kabla haujawa pambo la uwanja.

Napendekeza, basi, kwamba katika orodha yoyote ya ujenzi itakayosanifiwa “lipu ya chokaa” na “lipu ya saruji” ziorodheshwe kuwa istilahi mbili, kila moja na aina ya ukuta inaoufaa, na “kutomea” iwekwe mbele ya zote mbili pamoja na maelezo ya jinsi kazi hiyo inavyofanywa, yachukuliwe kutoka kwa mafundi wa Pangani na Tanga wangali hai.