Saratani ya Kinywa: Namna ya Kupima Uelewa wa Wananchi Shinyanga na Geita

Saratani ya kinywa huanzia kwenye midomo, ulimi, fizi, upande wa ndani wa mashavu au chini ya ulimi. Vihatarishi vyake vikuu ni tumbaku ya aina zote, pombe na popoo inayotafunwa kwenye tambuu. Jua kali nalo huongeza hatari ya saratani ya midomo, hasa kwa watu wenye ualbino. Mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa watu zaidi ya 380,000 duniani waligundulika kuwa na ugonjwa huu.

Kupima ni kwa kiasi gani wananchi wanayafahamu hayo si kazi nyepesi. Mhojiwa akiulizwa iwapo amewahi kusikia habari za saratani ya kinywa, ni rahisi kujibu ndiyo, pengine kwa heshima tu mbele ya mgeni mwenye kalamu. Akitakiwa kutaja mwenyewe dalili na vihatarishi, bila kusomewa orodha, ndipo uelewa wake hudhihirika. Kwa wazee wengi wa mikoa hii, swali hilo huulizwa vyema kwa Kisukuma.

Tumbaku inahitaji umakini wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulibaini kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima nchini wanatumia tumbaku, na utafiti huo ulitenganisha inayovutwa na isiyo ya moshi. Utenganisho huo ni wa lazima: anayeweka ugoro mdomoni akiulizwa kuhusu sigara atajibu kwamba havuti, na atakuwa amesema kweli.

Machimboni kuna ugumu mwingine. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo huhama kufuata dhahabu, hivyo dodoso la nyumba kwa nyumba huwakosa wengi wao. Ni lazima wafuatwe kwenye maduara na mialo. Aidha, mvuke wa zebaki inayotumika kukamatia dhahabu unaweza kuvimbisha fizi na kuleta vidonda mdomoni. Mchimbaji anayelijua hilo anaweza kudhani kila kidonda ni cha zebaki, akaendelea na kazi.

Kwa sababu hiyo, swali lenye uzito kuliko yote ni la muda: mtu akipata kidonda kisichouma mdomoni, atasubiri siku ngapi kabla ya kukionesha kwa mtaalamu? Kidonda kisichopona ndani ya wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe, ganzi au jino kulegea bila sababu vinapaswa kuchunguzwa. Mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, na akihitaji uchunguzi wa kipande cha nyama hupewa rufaa hadi hospitali kubwa, ikiwemo Bugando jijini Mwanza. Kwa anayetoka Geita, Daraja la J.P. Magufuli lililozinduliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi. Siku zinazopotea nyumbani kabla ya safari hiyo ndizo dodoso linapaswa kuzihesabu.