Kwa nini mitungi ya wapiga-mbizi hukaguliwa

MTUNGI wa hewa anaobeba mpiga-mbizi mgongoni huonekana imara kiasi cha kutotiliwa shaka. Ndiyo maana baadhi ya wamiliki huuona ukaguzi wa mara kwa mara kuwa gharama ya bure, hasa kwa mtungi uliokaa ghalani bila kutumiwa. Hata hivyo, yanayotendeka ndani ya chombo hicho yanaonyesha kuwa dhana hiyo ni ya hatari.

Mtungi wa alumini wa aina inayotumiwa sana una nafasi ya lita 11 hivi, lakini hushindiliwa hewa ambayo, ikiachiliwa, ni zaidi ya lita 2,000. Shinikizo lake hufikia paundi 3,000 kwa kila inchi ya mraba, karibu mara 100 ya lile la gurudumu la gari dogo. Mtungi kama huo ukipasuka, nguvu zake zaweza kumuua mtu na kubomoa ukuta.

Mtungi dhaifu huelekea kupasuka unapojazwa, shinikizo linapopanda na hewa kupata joto. Kwa hivyo, katika vituo vya kupigia mbizi kama vile vya Watamu na Diani, mfanyakazi anayesimamia kompresa ndiye wa kwanza kulindwa na ukaguzi.

Adui mkubwa wa mtungi wa chuma ni kutu. Maji ya chumvi huweza kupenya iwapo mtungi umeishiwa kabisa na hewa ukiwa baharini, au unyevu ukaingia kutoka kwa kompresa. Kutu hula kuta za ndani na kutumia oksijeni iliyomo, hivi kwamba hewa iliyokaa humo muda mrefu yaweza kumfanya anayeivuta azirai. Hayo yote hufanyika huku nje mtungi uking'aa kwa rangi mpya.

Alumini haili kutu jinsi chuma kinavyofanya, ila nayo ina udhaifu wake. Mitungi mingi iliyoundwa Marekani kuanzia mapema miaka ya 1970 hadi karibu mwaka 1990 ilitumia mchanganyiko wa alumini uitwao 6351. Baadhi yake ilipatikana na nyufa shingoni, mahali vali inapofungwa. Nyufa hizo hukua polepole kutokana na shinikizo la ndani, hata mtungi ukiwa umejazwa na kuhifadhiwa tu. Kuanzia mwaka 2007, Marekani iliagiza shingo za mitungi hiyo zichunguzwe kwa kifaa cha umeme kinachotambua nyufa kila inapofanyiwa majaribio upya.

Ukaguzi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wa macho: vali hufunguliwa na fundi humulika ndani kwa taa akitafuta kutu, mashimo na nyufa. Wa pili ni wa maji. Mtungi hujazwa maji, kisha husukumwa hadi shinikizo linalozidi lile la kawaida. Ule wa paundi 3,000 hufikishwa 5,000. Maji hutumiwa kwa kuwa hayashindiliki kama hewa, hivyo mtungi ukivunjika hautalipuka. Usiporejea ukubwa wake wa awali kwa kiwango kilichowekwa, hutupwa.

Muda wa ukaguzi hutofautiana. Marekani sheria hutaka jaribio la maji kila miaka mitano, ilhali ukaguzi wa macho wa kila mwaka ni desturi ya wenye biashara ya kupiga mbizi. Uingereza ukaguzi wa macho hufanywa kila miaka miwili na nusu, na jaribio la maji kila miaka mitano. Basi mtu aweza kubishana kuhusu idadi ya miezi, lakini si kuhusu haja yenyewe.

Anayekodi au kununua mtungi uliotumika atazame mwezi na mwaka wa jaribio la mwisho, ambao hugongwa kwenye bega la mtungi. Uliopitia moto usijazwe kamwe, maana joto kali huidhoofisha alumini bila kuacha alama ya wazi. Akumbuke pia kuwa alama hiyo huthibitisha uimara wa mtungi pekee. Usafi wa hewa iliyomo hutegemea kompresa iliyoujaza.