Kiingereza Kilifika Kwetu Kwa Mlango wa Kiswahili

Sisi wa Kabimba tumezoea kubadilisha lugha. Nyumbani kuna wanaosema Kitabwa, wengine Kiholoholo, wengine Kiluba, maana kazi ya simenti ilileta watu wa kila upande. Sokoni tunakutana kwa Kiswahili. Shuleni tunaandika Kifaransa, na mtoto akifika sekondari anaongezewa Kiingereza. Hapo ndipo wazazi wanauliza: mwalimu wa Kiingereza akitia Kiswahili ndani ya somo, si anaharibu kazi?

Tuangalie kwanza historia. Mwaka 1858 Mwingereza John Speke alivuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji mpaka kisiwa cha Kasenge, upande wetu huu. Aliongea Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa utumwani Uhindi, na Bombay akageuza maneno kwa Kiswahili. Mwaka 1874 Bombay huyohuyo aliongoza msafara wa Mwingereza mwingine, Cameron, aliyefika pale mto Lukuga unapotoka ziwani, karibu na Kalemie ya leo. Kumbe Kiingereza kilifika kwetu kimeshikwa mkono na Kiswahili!

Mapadri Weupe waliopokea kituo cha Mpala mwaka 1885 nao walifundisha kwa Kiswahili. Lakini mwaka 1962, kisha uhuru, serikali iliamua Kifaransa kiwe lugha ya kufundishia. Wengi wetu tulivikwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili uwanjani. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu kufundishia kwa lugha za taifa na lugha za mahali, ila aibu ile haijaisha. Mpaka leo kuna mwalimu anayeficha Kiswahili chake mkaguzi akiingia.

Tusidanganyane: mwalimu huyo hana kosa. Chukua mfano. Kifaransa kinasema "j'ai mangé" kwa mambo mawili, kwa hiyo mwanafunzi anaandika "I have eaten yesterday", na ni kosa. Mwalimu akimkumbusha tu kwamba sisi tunatenganisha "nimeisha kula" na "nilikula jana", mara moja anaona tofauti ya "I have eaten" na "I ate". Hapo Kiswahili kimesaidia kuliko Kifaransa.

Pengine ni kinyume. Kiswahili kinasema "anakuja" kwa baba na kwa mama pia, basi watoto wanachanganya "he" na "she". Hapo mwalimu anaita Kifaransa, "il" na "elle", na mambo yanakuwa wazi. Lakini Kifaransa hichohicho kina mitego: "librairie" ni duka la vitabu, na "library" ya Kiingereza ni nyumba ya kusomea na kuazima vitabu.

Hata hivyo, kubadilisha lugha kunataka kiasi. Kama kila sentensi ya Kiingereza inafuatwa palepale na Kiswahili chake, watoto wanangojea Kiswahili tu, na Kiingereza kinapita masikioni kama upepo. Mwalimu mwenye busara anaeleza fundo kwa Kiswahili, kisha anarudi kwa Kiingereza na kuwaachia watoto nafasi waseme wenyewe, hata wakikosea.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, biashara tunafanya kwa Kiswahili, lakini karatasi nyingi zinaandikwa kwa Kiingereza. Kijana asiyeweza kuzisoma atatia sahihi kwa kuamini mdomo wa mwingine.

Basi, wazazi, tusiwacheke walimu wanaopitia lugha yetu. Wazee wetu walipokea wageni hivyohivyo, lugha moja ikiamsha nyingine. Tuwaulize tu jambo moja: kisha kueleza kwa Kiswahili, mtoto amesema nini kwa Kiingereza?