Nani Anauliza? Historia Fupi ya Maswali Yanayotaka Kukujua

Rafiki zangu wengi siku hizi wana herufi nne. Mtu anakwambia "mimi ni INFJ" kama vile zamani alivyokutajia kabila lake, au nyota yake. Herufi hizo kazipata kwenye simu baada ya kujibu maswali kadhaa. Unapenda kukaa peke yako au na watu? Unaamua kwa kichwa au kwa moyo? Ukifika mwisho unaambiwa wewe ni nani, unafikiri vipi, kazi gani inakufaa na hata mchumba wa aina gani umtafute.

Mimi mwenyewe nimeyajibu zaidi ya mara moja na sina ugomvi na anayeyajibu. Wahenga walishasema nyani haoni kundule, kwa hiyo mtu anayetafuta kioo tusimcheke. Lakini kazi yangu ni uandishi wa habari, na mwandishi anakula kwa kuuliza. Jambo moja unalijifunza mapema kwenye kazi hii: anayepanga maswali amekwishapanga nusu ya majibu. Ndiyo maana nikaamua kuitafuta historia ya maswali haya. Aliyaandika nani, na alikuwa anataka nini? Kumbe njia yake inapita hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, tena zaidi ya mara moja.

Tuanze na neno lenyewe. "Tabia" tumelipata kwenye Kiarabu, na kwa matabibu wa zamani lilihusu maumbile ya mtu, jinsi mwili wake ulivyochanganywa. Elimu hiyo ilitoka kwa Wagiriki, Galen akiwa mkubwa wao, ikapita kwa Ibn Sina, ikasambaa na tiba ya Waislamu. Mtu alisemwa kuwa na majimaji manne mwilini: damu, belghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Lililozidi ndilo lililompa hulka yake, awe mchangamfu, mpole, mwenye hasira au mwenye majonzi. Kiswahili bado kina masalia ya elimu hiyo, maana "safura" yetu inatokana na jina la Kiarabu la ile nyongo ya njano. Halafu kuna nyota. Kabla ya herufi nne, Mtanzania alifungua gazeti akatafuta Ng'e au Mizani, na jina la marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyefariki mwaka 2011, lilijulikana mpaka vijijini. Kwa hiyo hamu ya kuambiwa "wewe ni mtu wa namna hii" si ugonjwa wa kizazi chetu.

Kilichobadilika karne ya 20 ni mwenye haja ya jibu. Mwaka 1917 Marekani iliingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na jeshi likataka kujua mapema askari yupi atachanganyikiwa akisikia mizinga. Mwanasaikolojia Robert Woodworth akaandaa orodha ya maswali ya ndiyo na hapana, ambayo wengi wanaihesabu kuwa dodoso la kwanza la haiba. Vita vikaisha kabla orodha haijatumika ipasavyo, lakini mbegu ilishapandwa. Angalia basi: swali halikuulizwa ili askari ajijue. Liliulizwa ili jeshi limjue askari.

Sasa tupande mlimani. Mwaka 1921 Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alichapisha kitabu chake juu ya aina za watu. Humo ndimo lilimopata umaarufu lile wazo la watu wawili, mmoja nguvu zake zinaelekea ndani, mwingine zinaelekea nje kwa wenzake. Herufi nne za rafiki zangu zina mizizi humo. Miaka minne baadaye, 1925, Jung akashuka meli Mombasa, akapanda treni mpaka Nairobi, kisha akaenda Mlima Elgon kukaa na wenyeji kwa wiki kadhaa. Alijifunza Kiswahili kidogo, akawa anakaa na wazee kwenye mashauri, anawagawia sigara, viberiti na pini, na anawauliza ndoto zao.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, ndoto hakuzipata. Watu walizungumza kila kitu, lakini swali la ndoto likija wanakuwa wagumu. Mwisho mzee mmoja, mganga mkuu, akamweleza kwamba zamani waganga waliota habari za vita, magonjwa na mvua. Tangu wazungu waje, ndoto za namna hiyo hazihitajiki tena, kwa sababu Bwana DC anajua kila kitu.

Jung aliyachukua maneno hayo kama kilio cha mtu aliyenyang'anywa kazi yake. Mimi nikiyasoma nasikia na kitu kingine. Mgeni mweupe, nchi iko chini ya serikali ya weupe, anataka kujua unachokiona usingizini. Ungemwambia?

Wazo la Jung likavuka bahari. Marekani, mama na bintiye, Katharine Cook Briggs na Isabel Briggs Myers, ambao hawakusomea saikolojia, walilichukua wakalitengenezea dodoso. Kazi hiyo ilishika kasi wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanawake walipokuwa wanaingia viwandani, na nia ilikuwa kumpeleka kila mtu kwenye kazi inayomfaa. Nia njema, sikatai. Tatizo ni kwamba dodoso linakata watu katikati kama mkate. Wengi wetu tuko katikati, leo tunapenda watu, kesho tunawakimbia. Ndiyo maana watafiti wamekuta kwamba watu wengi wakirudia baada ya wiki chache wanapata herufi tofauti na zile za mwanzo.

Habari za Elgon zilikuwa bado kichwani nilipopelekwa kikazi Uchindile, ile kata ya milimani upande wa Mlimba, ambako reli ya TAZARA inaliacha Bonde la Kilombero na kupanda kuelekea Makambako. Nilikwenda kuandika habari za mashamba ya miti. Nikamfuata mzee mmoja barazani kwake, nikamwamkia shikamoo, nikatoa daftari. Akaitikia marahaba, halafu akalitazama lile daftari.

"Mwanangu, wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia.

"Na umetumwa na nani?"

Nikamtajia gazeti.

"Haya maneno yangu ukishayaandika yanakwenda wapi?"

Nilieleza kwa dakika kumi nzima. Mpaka aliporidhika ndipo akaniruhusu niulize. Pale barazani aliyekuwa anapimwa ni mimi.

Na ana sababu, kwani bonde lile limeulizwa sana. Mwaka 1935 kilitoka London kitabu kinachoitwa Ubena of the Rivers, kuhusu Wabena wa bondeni. Waandishi ni A. T. Culwick, ofisa wa serikali ya Mwingereza, na mkewe G. M. Culwick. Kina habari nyingi za thamani, ila kumbuka kwamba muulizaji alikuwa mtu wa serikali ile ile iliyotoza kodi. Kinachonifurahisha ni kwamba ndani yake kuna sura ya Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Yaani katikati ya kitabu cha watu wanaoelezwa, mmoja wao alishika kalamu.

Wengine hawakupata sura yao. J. C. Carothers aliongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, kana kwamba bara zima lina kichwa kimoja. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikatoa maandishi yake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Watu waliokuwa wanadai ardhi wakaelezwa zaidi kama watu waliovurugika nafsi. Hapo ndugu zangu ndipo maswali ya "wewe ni mtu wa aina gani" yanapoacha kuwa mchezo. Ukishabandikwa aina, madai yako yanageuka dalili.

Sayansi nayo imejirekebisha, tuseme haki. Mwaka 1974 Mallory Wober aliandika juu ya namna Waganda wanavyoielewa akili, wanayoiita obugezi. Wanavijiji waliihusisha na utaratibu na uangalifu, mtu asiyekurupuka, wakati waliosoma shule za kizungu waliihusisha zaidi na wepesi. Sasa kumbuka yale maelekezo ya kwenye simu: jibu haraka, usifikiri sana. Mzee wa Kiganda angeshafeli kabla ya swali la kwanza, kwa kosa la kufikiri! Na mwaka 2020 watafiti waliokusanya maneno ambayo Wamaasai wenyewe wanayatumia kueleza watu walikuta hayajipangi sawasawa na vile vipimo vitano vya haiba vinavyofundishwa vyuoni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kumbe hata chanuo ni tofauti.

Sasa tufike kwenye zama zetu. Mwaka 2014 mtafiti Aleksandr Kogan alisambaza dodoso la haiba lililounganishwa na Facebook. Waliojiunga walikuwa kama 270,000, lakini programu ilivuta na taarifa za marafiki zao, na Facebook yenyewe ilikuja kukadiria kwamba walioguswa wanaweza kufika milioni 87. Taarifa zikaishia kwa Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za kisiasa. Kampuni hiyo ndiyo iliyojitangaza kwamba kwa uchaguzi wa Kenya wa 2013 ilihoji watu 47,000, ikajua wanachohitaji, ajira, na wanachokiogopa, vurugu za kikabila. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ikaonyesha mkubwa wake mmoja, aliyerekodiwa kwa siri, akijisifu kwa kazi waliyofanya kwenye kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017. Chama cha Jubilee kilisema kazi waliyoitoa ilikuwa ya kujitangaza tu. Mwezi Mei mwaka huo huo kampuni ikatangaza kufunga milango.

Fikiria watu waliokwishaona damu ya mwanzoni mwa 2008, halafu mtu anawauliza kwa upole: unaogopa nini?

Wazee wa Elgon walikataa kutoa ndoto zao kwa pini na sigara. Sisi tunazitoa bure, usiku, tumelala chali, na tunawatumia wenzetu matokeo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, nasi Tanzania tumepata yetu ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Ni hatua. Lakini sheria haiwezi kukuzuia wewe kubonyeza "nakubali" bila kusoma.

Sisemi tuache. Ukitaka kucheza, cheza, cheka, uone kama umeguswa. Ila kabla ya kuamini kwamba herufi nne ndiyo wewe, jaribu na njia nyingine. Mfuate mtu aliyekaa na wewe ukiwa na njaa, au ukiwa umeshindwa, umuulize anakuonaje. Jibu lake halitakuwa na rangi nzuri kama la kwenye simu, na huenda likauma. Lakini yeye anakujua, na wewe unajua maneno yale yanaishia wapi.

Na simu ikikuuliza, iulize kwanza lile swali la barazani Uchindile. Ikishindwa kujibu, na wewe una haki ya kunyamaza.

Tutafakari pamoja.