Jina la Serengeti linavyopigwa mnada

Leo tuongelee mnada, ila sio wa ng'ombe.

Mtalii wa Ujerumani akiandika "Serengeti safari" kwenye Google, kabla majibu hayajatokea mnada umeshafanyika na kwisha. Kampuni za utalii zimegombea maneno yale, na mshindi atalipa kila tangazo lake linapobofywa. Ilianzaje hii?

Mwaka 1998 Mmarekani Bill Gross alileta GoTo.com. Kanuni ilikuwa nyepesi: mwenye bei kubwa anakaa juu na analipa alichotaja. Bei zilikuwa wazi, balaa likaanzia hapo. Tuseme wewe umetaja shilingi 3,000, ukaona wa pili katoa 2,000. Si unashuka hadi 2,001? Naye anakuruka kwa 2,002. Bei zikawa zinapanda kidogo kidogo, mmoja akichoka zinaporomoka, mchezo unaanza upya.

Februari 2002 Google wakaja na kanuni nyingine: mshindi alipe kiasi cha kumpita tu anayemfuata. Wazo halikuwa geni. William Vickrey alilifafanua mwaka 1961, akapewa Nobel 1996. Lakini mfugaji wa Tarime haihitaji Nobel kulielewa: dume likinadiwa kwa sauti, mwenye milioni mbili mfukoni hazitoi zote. Analipa kidogo juu ya pale mpinzani wake wa mwisho aliponyamaza.

Google pia walizidisha bei kwa uwezekano wa kubofywa. Piga hesabu: kampuni kubwa imetaja 1,500, inabofywa mara 2 kwa kila 100, jumla 3,000. Muongoza watalii wa Mugumu katoa 1,000 ila anabofywa mara 4, jumla 4,000. Kijana wa Mugumu yuko juu, tena analipa kama 750 tu!

Basi mnyonge kapona? Tusishangilie mapema. Mwenye uwanja wa mnada ni mmoja. Agosti 2024 mahakama ya Marekani iliamua kwamba Google ilihodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na iliweza kupandisha bei za matangazo bila kubanwa na mshindani. Kwa hiyo sehemu ya pesa ya mtalii inabaki California kabla yeye hajaliona geti la Ikoma. Nyumbu wako kwetu, jina ni letu, ila nyundo ya mnada kashika mwingine.

Mnasemaje wadau?