Kibet Bull
Kibet Bull (jina halisi Gideon Kibet) ni mchoraji vibonzo wa Kenya, maarufu mtandaoni kwa picha za vivuli vyeusi vinavyomkejeli Rais William Ruto. Vivuli hivyo havina macho wala mdomo, ni umbo tupu, na bado mtazamaji humtambua mlengwa papo hapo. Ufundi uko hapo. Tofauti na mchoraji vibonzo Gado, aliyepata umaarufu katika Daily Nation kuanzia miaka ya 1990, Kibet hahitaji mhariri. Mtu wa mji mdogo kama Kyuso mwenye simu huipata picha mtandaoni sawa na wa Nairobi. Desemba 2024 alitekwa nyara. Tarehe 30 mwezi huo, Seneta Okiya Omtatah alikamatwa Nairobi katika maandamano ya kudai Kibet na wengine waliotekwa waachiliwe. Kibet aliachiliwa Januari 2025.